Tandiko Lisilo na Farasi

"Na mutoto? Walishamujulisha?"

Tonton Zefirini, shemeji mkubwa wa marehemu, aliniuliza hivyo mchana kweupe, katikati ya matanga, nikiwa nimebeba sahani ya lituma, ndizi za kusonga, na samaki kwa mikono miwili. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, fimbo katikati ya magoti, macho yake yameingia ukungu wa uzee hata hamtambui mtu mpaka asikie sauti. Ndani, kwenye chumba cha mbele, marehemu, Tantine Véro, alikuwa amelazwa katika gauni lake la bluu, na wanawake wa kanisa wakiimba. Nyuma ya mzee walisimama wanawe wawili, watu wazima wenye vitambi, nao wakaacha kuongea ili wasikie nitajibu nini. Mimi, bibi mwenye wajukuu, mwenye mdomo ambao mtaa mzima wa Lubunga unaujua, nililikwepa swali. Nikasema tu, "Kula kwanza, tonton, chakula inapoa," nikamwekea sahani mapajani, nikakimbilia jikoni.

Mtoto anayemuulizia hakuna mtu aliyewahi kumwona. Kama yupo, ana mvi sasa, na nyumba ni yake. Kama hayupo, basi nyumba tuliyokuwa tunalilia mbele yake ni ya ukoo wa Zefirini, na Lolo, aliyemuuguza Tantine Véro mpaka pumzi ya mwisho, atafungasha vyombo vyake na wanawe na kuondoka. Hilo ndilo lililokuwa linaulizwa chini ya turubai, na kila mtu alilijua. Nimelifikiria jambo la mtoto huyu tangu ujana wangu, na kusema kweli bado linanichanganya kichwa. Nikilishika huku, linaponyoka kule.

Habari za kwetu naziacha, hazisaidii kitu hapa. Inatosha kusema nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mvivu wa jikoni na hodari wa maneno, nilipopelekwa kukaa na Tantine Véro mwaka wa matanga ya mumewe. Tonton Gaston alikuwa mdogo wake Zefirini, mfanyabiashara: leo yuko Ubundu na treni, kesho yuko Bunia kutafuta maharage, kesho kutwa anapanda boti ya Kinshasa. Homa ilimshika Ubundu, treni ikamrudisha akiwa ndani ya sanduku. Hawakuwa na mtoto. Kwa desturi ya nyumba ile mjane hakai peke yake, huwekewa msichana. Huvaa nyeusi mwaka mzima. Na kitu chochote cha marehemu haruhusiwi kukigusa mpaka siku ya kuondoa matanga. Akigusa, mashemeji watasema ana haraka ya kurithi, au watasema lile neno baya zaidi, kwamba yeye ndiye aliyemla mume wake kwa uchawi. Kwa hiyo Tantine Véro alitembea ndani ya nyumba yake mwenyewe mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa sukari. Kiti cha marehemu nilikipangusa mimi. Redio yake niliifunika mimi. Ukimwona anapita kando ya kabati, akikunja bega lisigusane na mlango, ungelia.

Kasha lilikuja mvua zilipoanza. Mtu wa pirogi alilivusha kwa mtumbwi wake kutoka bandarini, akalitua barazani, akasema limeshuka kwenye boti ya Kinshasa, juu yake limeandikwa jina la Gaston, na yeye hajui zaidi. Tukatuma kuuliza kule kwenye boti, nao hawakujua. Gaston alikuwa ameagiza, dukani wamepakia, basi. Tonton Zefirini alikuja na panga akalipasua. Harufu iliyotoka sijaisahau: harufu ya ngozi mpya, kali, tamu kidogo. Ikatoka mikanda, mikanda mingine, vyuma vya kung'aa, kamba zilizofungwa na kamba, na mwisho kitu kikubwa kilichopinda kama mgongo wa kobe, kina mabawa mawili ya ngozi. Vyote rangi ya karanga mbichi, vikavu, vigumu, ukivikunja vinalia kwii, kwii. Tantine Véro alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono nyuma, anatazama.

"Sasa hii ni nini?" Zefirini aliuliza. "Gaston alikuwa anataka kufunga nani?"

Hakuna aliyejua. Mmoja alisema ni vitu vya jeshi. Mwingine alisema vya mashine. Ni Mama Nzali, jirani, mama yake Lolo, aliyepiga kofi paja lake: "Mama na ngai e! Hii niliiona kanisani!" Kumbe kwenye picha ya Mtakatifu Martini, ile ya ukutani karibu na sanduku la sadaka, mtakatifu yuko juu ya farasi. Basi kesho yake tulikwenda, mimi na Mama Nzali, tumebeba mikanda kichwani kama kuni, tukasimama mbele ya mtakatifu na kulinganisha. Hii ya kichwani. Hii yenye chuma ya mdomoni. Hii ya tumbo. Mama mmoja aliyekuwa akisali rozari alituuliza tumeleta sadaka gani hiyo. Sehemu ya katikati, pale anapokaa, haikuonekana, kwa sababu Mtakatifu Martini alikuwa amemwaga joho lake juu yake na analikata kwa upanga. Tulirudi nyumbani tukijua ni vya farasi, na kujua huko kukatuchanganya zaidi. Farasi wa nani? Huku kwetu msituni, ambako hata ng'ombe wanakufa kwa mbung'o?

Tulilitua tandiko juu ya benchi barazani, na kila mtu akataka kulijaribu. Zefirini alikaa kwanza. Alikaa kama anavyokaa kitini, magoti pamoja, na makalio yake yakamwagika pande zote. Mama Nzali akajaribu, kanga imembana, akateleza mpaka chini, tukacheka hadi machozi. Hata Tantine Véro alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Mimi mwenyewe nilikaa, na nilikuwa mwembamba wakati ule, sikuenea. Ndipo Mama Nzali akamwinua Lolo, alikuwa na miaka minne au mitano, akamkalisha. Lolo alienea. Alikaa pale mkono mdomoni, ametulia, ngozi imemzunguka mbele na nyuma kama imekatwa kwa kipimo chake.

"Ah," alisema Mama Nzali, akajuta palepale. "Donc ni ya mutoto."

Kila mtu alifanya hesabu moja kichwani. Tonton Zefirini ndiye aliyeisema kwa sauti, na aliisema akicheka, ndiyo maana sikumpenda kwa muda mrefu: "Eh, Gaston! Kumbe Bunia hakukuwa na maharage tu! Kule juu farasi iko, baridi iko. Mutoto iko." Akamgeukia shemeji yake. "Véro, usikasirike. Watu walikuwa wanasema zamani. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Tantine Véro aliingia jikoni, nikamsikia anatwanga sombe, majani ya mihogo, anatwanga na kutwanga, mpaka nikaenda kuchungulia nikakuta kinu kina majani matatu tu.

Kwa siku kadhaa hakula. Nilijua anaumia, na niliumia naye, na nilimchukia Tonton Gaston ambaye nilikuwa nimempenda, maana aliniletea viatu kutoka Kinshasa. Nilidhani ataniambia nilitupe tandiko mtoni. Asubuhi moja, nikisonga lituma, ndizi za moto zinanichoma vidole, alisema nyuma yangu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Fina, ile ngozi iko nguvu sana. Mutoto akikaa pale atachubuka mapaja. Uilainishe." Niligeuka. Nilifikiri nimesikia vibaya. "Mutoto gani, tantine?" Akanitazama kama mimi ndiye niliyepotewa na akili. "Wako na batoto wangapi?"

Basi nikawa fundi wa ngozi bila kufundishwa. Kosa la kwanza tulilifanya kama watu wa hapa: kitu kikikauka, tunakipaka mawese. Sisi mawese ndiyo dawa ya yote, ya nywele, ya kikohozi, ya mlango unaolia. Nilipaka mawese kwa ukarimu, tandiko zima, mpaka likawa jekundu na kunuka kama sufuria ya sombe. Kesho yake mende walikuja na jamaa zao. Wakafuata siafu. Kisha mafuta yakaganda kwenye mishono, na vumbi likaganda juu ya mafuta. Tantine Véro alisimama mlangoni, mikono nyuma, akanung'unika: "Mutoto wa watu atakuja na tutamukalisha ndani ya mboga." Ikabidi nioshe: kitambaa chenye unyevu, si maji ya kumwaga, na sabuni kidogo, kipande kwa kipande, kisha kuanika kivulini. Mkanda mmoja niliuanika juani kwa haraka zangu ukapasuka kama mdomo wakati wa kiangazi. Nta tulipata kwa mama mmoja aliyeleta asali kutoka Opala. Niliiyeyusha na mafuta ya mbarika, nikaacha ipoe, nikajaribu kwenye kona ya chini isiyoonekana. Haikunata. Haikunuka. Ngozi iliinywa.

Kuanzia hapo kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, nilikaa barazani na ngozi mapajani. Nilijifunza kwamba kitambaa hakifanyi kazi kama kiganja, kwa sababu kiganja kina joto, na ngozi inataka joto ili ifunguke. Nilijifunza kwamba upande wa ndani, ule wenye manyoyamanyoya, unakunywa zaidi ya upande wa kung'aa. Mikanda niliivutavuta juu ya kipande cha mwanzi, huku na huku, mpaka ikaacha kulia kwii na kuanza kunyamaza. Na ukipaka nyingi unaharibu. Inalegea, inatoa jasho. Hewa yetu ya mto ina maji, ukigeuka tu ukungu mweupe umeota chini ya mabawa, basi unapangusa kwa kitambaa kikavu na kuanza tena. Tantine Véro alikaa kwenye kigoda upande wa pili, hagusi, anaelekeza kwa kidevu. "Ongeza pale. Pale goti yake itapita." Au: "Ile ya mukononi ilainike vizuri, iko na vidole bidogo." Mara nyingine alisema, "Nasikia Bunia baridi sana asubuhi. Wanamuvalisha soksi, ee?" Mimi nikajibu ndiyo, tantine, bila shaka wanamvalisha. Sikujua nilikuwa natuliza kidonda au naongopea mgonjwa. Sikujua kama ana wivu, au kama wivu umeiva ukawa kitu kingine ambacho sina jina lake. Kuna alasiri alimwambia Lolo, aliyependa kukaa juu ya lile tandiko, "Jaribia mwenzako," na Lolo alipanda, na Tantine Véro akainama kutazama mapaja yake kama yana wekundu.

Nilichokijua wazi ni kile nilichosikia kupitia ukuta wa mbao. Tonton Zefirini alikuja na fundi viatu, wakadhani nimekwenda mtoni. "Hii bawa itatoa soli ngapi?" alimuuliza. Fundi akasema nyingi, na mikanda mizuri ya suruali. "Bon, ungoje matanga itoke. Siku ile tunagawa. Nyumba mimi naingia, yeye atarudi kwao Yanonge. Mwanamuke bila mutoto atalinda nyumba ya nani?" Nilimweleza Tantine Véro jioni hiyohiyo, nalia kwa hasira, ndizi za makemba zinaungua kwenye moto. Alisema tu nigeuze makemba.

Siku ya kuondoa matanga tulimpeleka mtoni asubuhi, akaoga, nguo nyeusi zikaachwa zichukuliwe na maji, akavaa kitenge kipya cha wax cha rangi ya chungwa. Ukoo wote ulikaa uani. Walikula, walikunywa pombe kali ya lotoko, Tonton Zefirini akasimama, akasafisha koo, akaanza maneno ya kugawa. Hakufika mbali. Tantine Véro alitoka ndani amebeba tandiko kwa mikono yake miwili. Ilikuwa mara ya kwanza kuligusa. Alilitua mezani, katikati ya chupa, akabonyeza kwa kidole gumba pale mbele, akanitazama mimi mbele ya watu wote: "Fina, hapa bado ngumu." Kisha akawageukia.

"Bashemeji," alisema, "mimi sikuzaa. Hakuna mutu hapa hajui. Mais Gaston alizaa. Si mimi nilisema, ni ninyi mulisema, na tandiko yake njo hii. Alors, kitu ya baba ni ya nani? Ya ndugu, ao ya mutoto?"

Mzee mmoja wa ukoo, aliyekuwa nusu amelala, akasema, "Ya mutoto," kwa sababu ndilo jibu, hata usingizini.

"Basi. Nyumba ni ya mutoto, na hii ngozi ni ya mutoto. Mimi naichunga mpaka atakuja. Zefirini, wewe njo ulinijulisha habari yake. Nakushukuru."

Uso wa Zefirini, ningeomba Mungu aniruhusu kuuona tena. Angesema nini? Kwamba alikuwa anatania, mbele ya ukoo? Tangu kasha lifike alikuwa amelisambaza hilo neno kuanzia bandarini hadi stesheni. Alikaa chini, akaomba lotoko. Na Tantine Véro, ambaye nilidhani ameshinda, nilimkuta baadaye nyuma ya jiko, ameegemea ukuta, analia kwa kwikwi, ananiambia, "Sasa nimesema mbele ya batu, Fina. Sasa iko kweli." Nilimshika mabega. Sikujua ninamfariji kwa ushindi au kwa msiba wa pili.

Miaka ilipita, mtoto hakuja. Mimi niliolewa, nikahama ng'ambo ya mto, nikazaa. Mama Nzali alipokufa, Lolo alihamia kwa Tantine Véro, akakua pale, akazalia pale. Tandiko lilikaa kwenye benchi lake, na kila nilipokuja kusalimia nilikuta linang'aa. Kisha nilikwenda Lubumbashi kumtembelea mwanangu, na siku moja alinipitisha mahali ambapo watu wanapanda farasi. Nilisimama kwenye uzio. Baba mmoja mnene, makalio kama magunia mawili ya mihogo, alipanda juu ya tandiko ambalo lilikuwa sawasawa na letu. Sawasawa, dogo vilevile. Alienea, kwa sababu miguu yake ilikwenda mmoja huku na mmoja kule. Sisi sote tulilikalia kama kiti. Picha ya mtakatifu tuliitazama kwa ajili ya kamba tu, wala hakuna aliyeuliza mguu wake wa pili uko wapi. Nilimuuliza kijana anayetunza wale farasi kama kuna matandiko ya watoto. Akaniletea moja, dogo kama sahani ya mezani. Nilishika uzio. Mwanangu aliuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu, nikasema ndiyo.

Nilirudi na moto huo kifuani. Usiseme, nilijiambia, ameshazeeka. Sema, nilijiambia, amebeba aibu ya mume wake miaka yote hii bure. Labda Gaston aliagizwa na mteja. Labda alitaka kuuza. Nani ajuaye? Mdomo wangu haujawahi kushindwa na kichwa changu. Nilimkuta anachambua sombe barazani, nikakaa, nikamweleza yote: baba mnene, miguu, sahani. "Tantine, ile tandiko ni ya mutu mukubwa. Ni saizi ya mutu mukubwa tangu siku ya kwanza."

Hakuinua macho. Alichambua jani, akalichambua lingine.

"Donc alishakomaa," alisema. "Basi uongeze mafuta kwenye kamba ya mguu. Atakuwa muzito."

Mpaka leo sijui. Alikuwa ananitania? Alijua tangu siku ile ya lotoko, na labda kabla? Au alikuwa amemlea yule mtoto kwa muda mrefu mno hata asingeweza kukubali anyang'anywe, hata na mimi? Nilimtazama usoni nitafute kicheko, na alikuwa na uso wa mtu anayechambua sombe. Nilichukua kopo la nta nikapaka, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nipake.

Hayo yote yalinipitia jikoni, siku ya matanga yake, mkono wangu kwenye sufuria. Lolo alikuwa mlangoni, kilemba kimelegea, macho yamevimba, anatazama uani ambako wana wa Zefirini walikuwa wameanza kupima kuta kwa macho. Hakuniomba kitu. Nilijifuta mikono, nikatoka tena, nikainama karibu na sikio la mzee, lakini nikasema kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie.

"Tonton, uliuliza mutoto. Alishajulishwa. Iko njiani."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Wanawe walitazamana. "Atakuwa mukubwa sasa," alisema.

"Mukubwa sana," nilisema. "Na muzito."

Akacheka kidogo, cheko la zamani, akamalizia lituma yake. Mimi niliingia ndani, nikapita pembeni ya wanawake wa kanisa, hadi kwenye benchi. Siku za ugonjwa hakuna aliyekumbuka ngozi, na ukungu mweupe ulikuwa umeanza chini ya bawa la kushoto. Nikamwita Lolo alete kitambaa na nta.